Tupeane uzoefu: Umetengeneza nini na wanao nyumbani kwa ajili ya sala au sikukuu?

Mama wa Wawili, Tabata

Habari za usiku wapendwa. Wangu wamelala muda huu, ndiyo nimepata nafasi ya kushika simu. Majilio, yale majuma ya kungojea Krismasi, yanakaribia na mkubwa ameshaanza kuniuliza maboksi yako wapi, nikaona niulize na wenzangu mnafanyaje. Wa kanisani na wa madrasa wote karibuni, nataka kusikia ya kila nyumba.

Naanza mimi. Mwaka jana mwezi wa tisa tulihama. Mwenye nyumba alisema anataka chumba cha ndugu yake, akatupa wiki mbili. Kodi ya miezi sita kule tulikohamia ikamaliza kila kitu, Desemba ikatukuta hatuna hata hela ya mapambo. Nikaomba boksi la sabuni kwa Mangi, nikawaambia watoto mwaka huu pango la Bethlehemu tunajenga wenyewe.

Ng'ombe, punda na wachungaji tuliwafinyanga kwa unga wa ngano. Vikombe viwili vya unga, kimoja cha chumvi, maji unatia kidogo kidogo, unakanda kama wa chapati ila uwe mgumu zaidi. Uanike juani siku mbili tatu ndipo upake rangi. Mdogo, wakati huo ana miaka mitatu, alifinyanga kitu kimoja tu kirefu akasema ni nyoka, nikakiacha kikae karibu na kondoo.

Kilichonikaa moyoni ni hiki. Tulikuwa tunasoma Luka 2 huku tunabandika majani makavu, tukafika pale "hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni". Mkubwa akaacha kubandika. Pale kituoni kwetu kuna kibao kimeandikwa NYUMBA YA WAGENI, na yeye ndiyo kwanza anajua kusoma, kila bango analisoma kwa sauti. Akaniuliza, "Mama, ile ya kituoni?" Nikamwambia kama ile. Akakaa kimya, halafu akauliza kama Mama Maria naye alipewa wiki mbili.

Sikuwa na jibu. Nilimvuta tu karibu yangu.

Kesho yake natoka kazini nakuta ameunganisha boksi la dawa ya meno ubavuni mwa pango, mlango ameutoboa kwa kalamu. Akanieleza kwamba hicho ni chumba, wakipata kodi watahamia. Mimi Luka 2 nimeisikia tangu nabebwa mgongoni, na hata siku moja sikuwahi kumwaza Mama Maria kama mtu anayetafuta chumba na ujauzito wake. Kile chumba sijakitupa. Kiko kabatini, kimefungwa kwenye kitambaa, na mwaka huu kinarudi mahali pake.

Haya, tupeane.

Binti Mafia, Magomeni

Asalaam aleikum ndugu zangu. Dada wa Tabata, umenitoa machozi hapa.

Kwetu ni mswala. Mama yangu aliletwa Dar kutibiwa macho, akakaa kwangu miezi mitatu. Alikuja na bunda la ukindu, majani ya mkindu ya kusukia, limefungwa kwa khanga, kwa sababu anasema mikono ikikaa bure anaumwa zaidi. Binti yangu alikuwa ametimiza miaka saba, umri ambao dini imetuhimiza tuanze kuwaamrisha watoto swala, na kwa kweli nilikuwa nahangaika naye. Alfajiri kumwamsha ni vita. Magharibi ananiambia tumbo linauma.

Siku ya pili tu bibi akamwita: "Mke mwenzangu, njoo unisaidie, mimi sioni." Akampa miyaa michache, vile vipande vya ukindu, amshikie. Siku ya tatu akampa asuke mwenyewe. Hakumwambia ni wa nini.

Mama haoni vizuri ila vidole vyake vinaona. Mtoto akisuka, bibi anaupitisha ukili, yaani ule mkanda uliosukwa, katikati ya kidole gumba na cha shahada, taratibu, kama mtu anayehesabu tasbihi. Ghafla anasimama. "Hapa umeruka mmoja." Na kweli, ukiinamisha taa unakuta mwaa mmoja umepita juu badala ya chini. Basi wanafumua mpaka pale, wanaanza tena. Mimi ningeuacha, nani angeona? Mama hakuacha hata mmoja. Na huku wanasuka anamsomesha: mstari mmoja wa sura, anarudia, mwingine, anarudia. Suratul Asr imeingia kichwani mwa mwanangu kwa njia hiyo, pembeni ya jiko langu la mkaa.

Ukili ulipotosha, bibi akachukua shazia, sindano ile kubwa ya kushonea mikeka, wakaanza kushona pamoja. Ndipo mtoto akaambiwa ni mswala wake. Umetoka upande mmoja mpana kuliko mwingine na rangi ya zambarau imemalizikia katikati, palipobaki ni ukindu mtupu. Lakini sasa alfajiri nikitandika wangu, na yeye anatandika wake pembeni. Zipo siku anarudi kulala, sitawaficha. Ila haruhusu mtu aukanyage na viatu, hata baba yake.

Mama amesharudi nyumbani. Macho hayakupona.

Mama wa Wawili, Tabata

Dada Binti Mafia, Mungu amtunze mama yetu. Mpe shikamoo yangu. Samahani kwa swali la pembeni, ukindu hapa mjini mtu anapata wapi? Mkubwa wangu hapa ananisomea juu ya bega, amedai na yeye anataka.

Binti Mafia, Magomeni

Shikamoo yako ataipata, nampigia kesho. Ukindu mimi natumiwa kutoka nyumbani, wa kununua sijawahi kutafuta. Ila kwa mtoto wa miaka saba mwanzishe na vipande vya kitenge, chana vyembamba urefu sawa, afunge kwenye mguu wa meza asuke nyuzi tatu kama nywele. Kidole kikishazoea ndio umpe ukindu, maana ukindu mkavu unakata.

Baba Pacha, Mbagala

Wamama mmetawala uzi, naomba na akina baba tuingie.

Sisi tulipokuwa wadogo mpira wa chandimu tulikuwa tunasokota kwa mifuko ya rambo na kamba. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 hiyo imeisha, na ni vizuri, mitaro ya huku Mbagala ilikuwa imeziba kila mvua ya masika. Kwa hiyo pacha wangu nawatengenezea kwa soksi kuukuu na matambara kutoka kwa fundi cherehani wa jirani. Unadunda kidogo lakini unapigika.

Nililotaka kusema zaidi ni kibubu. Tulichukua kopo la maziwa ya unga, tukatoboa mfuniko, wakalibandika karatasi na kuchora kanisa letu. Kila mmoja akipata hamsini au mia anatumbukiza, Jumapili tunapeleka sadaka. Mwezi wa nne nilikwama nauli asubuhi. Nilichukua elfu mbili mle ndani wakiwa wamelala, nikasema nitarudisha jioni. Jioni sikurudisha, na kesho yake sikurudisha.

Jumamosi binti yangu alilitikisa, akasimama, akalitikisa tena. Akasema, "Baba, limekuwa jepesi." Ningeweza kumdanganya, ana miaka mitano. Nilipiga magoti nikawaambia wote wawili kwamba ni mimi, nikaomba msamaha, nikarudisha na mia tano juu. Waliniambia nisirudie. Tangu siku hiyo wanapenda nitumbukize mimi wakinitazama.

Mwalimu wa Watoto, Kimara

Tumsifu Yesu Kristo. Nafundisha watoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto cha Kanisa Katoliki, parokiani kwetu, nina wangu watatu nyumbani.

Mama wa Tabata, boksi lako la sabuni lina asili nzuri. Mtakatifu Fransisko wa Asizi alipoanzisha desturi ya pango kule Greccio, Italia, mwaka 1223, alitumia hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda wazima, ili watu wauone kwa macho umaskini aliozaliwa nao Mtoto Yesu. Kwa hiyo msione haya kwa kukosa sanamu za dukani.

Sisi kazi yetu kubwa ni Jumapili ya Matawi. Tunaomba kuti changa la mnazi, yale majani laini ya ndani, tunasuka misalaba midogo. Tumia likiwa bado na unyevu, likikauka linakatika kwenye mkunjo. Misalaba inakaa ukutani mwaka mzima, halafu kabla ya Jumatano ya Majivu tunairudisha parokiani ichomwe, ndiyo majivu tunayopakwa kwenye paji la uso. Mwanangu wa pili alilia sana mara ya kwanza, hakutaka wake uchomwe. Padri alipompaka alirudi kwenye benchi akaninong'oneza, "Mama, huu ni ule wangu." Hakujifuta mpaka usiku.

Naomba niwatahadharishe mambo mawili kwa uchungu. Mishumaa ya Majilio msiwaachie watoto peke yao hata dakika moja. Mtoto wa jirani yetu aliwasha pazia kwa mshumaa akaungua, mkono una kovu mpaka leo. Na gundi kali zile za kubandika viatu ziwe mbali kabisa, pikeni ya unga wa ngano. Ila gundi ya unga panya wanaipenda, kazi ikikauka iwekeni juu. Rangi ya njano tumieni binzari, ya kahawia majani ya chai yaliyochemka sana.

Mama Mmoja, Gongo la Mboto

Nasoma hapa roho inaniuma. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala, narudi saa mbili usiku foleni ikiwa nzuri. Mwanangu ana miaka minne, analala ndiyo naingia. Sala ya jioni anafundishwa na katuni. Nyie muda mnautoa wapi jamani? Naomba kujibiwa kweli, silalamiki.

Bibi wa Kigamboni

Mwanangu wa Gongo la Mboto, pole. Nimelea saba nikiuza samaki wa kukaanga Feri, najua hayo masaa.

Huyo anayebaki na mtoto ni nani? Kama ni dada wa kazi, anza naye yeye. Mkwe wangu ana binti kutoka Iringa, kwao wanasuka vikapu vya milulu, zile nyasi za kusukia. Alikaa humo ndani mwaka mzima anaosha vyombo na kuwasha televisheni, hakuna aliyemuuliza anajua nini. Siku nilipomuuliza, mikono ilimtetemeka kwa furaha. Sasa wajukuu wangu wana kikapu cha kuwekea Biblia na vitabu vya nyimbo, wamesuka naye, na sala ya chakula wameijua kwa Kihehe pia. Mwongeze kidogo kwenye mshahara, mwite kwa jina lake, mwambie akuonyeshe walichofanya ukirudi.

Na Jumapili usimpe mtoto mambo makubwa. Kaa naye chini kwenye mkeka, karatasi na mkasi, basi. Mimi wangu hawakumbuki nilichowatengenezea. Wanakumbuka nilikaa chini.

Mke wa Fundi, Buguruni

Bibi shikamoo. Nimekopi hii nimempelekea dada yangu.

Baba Pacha, Mbagala

Bibi, na akina baba tunaotoka saa kumi na moja tumesikia.

Mama Mmoja, Gongo la Mboto

Bibi shikamoo, asante sana, na wengine wote asanteni.

Nimerudi kuwapa mrejesho. Nilimuuliza dada jana usiku. Alinyamaza kwanza, nadhani alidhani namtega. Halafu akasema yeye ni Mwislamu, kanisani hajui vitu vyetu, ila madrasa kwao walikuwa wanakata nyota za karatasi kupamba ukumbi wa Maulidi. Anakunja karatasi mara tano, anakata kwa mkasi mara moja tu, ukiifungua ni nyota kamili. Alinionyesha kwenye bahasha ya bili ya umeme.

Leo Jumapili tumetoka kanisani tukakaa chini watatu. Mtoto amekata yake, pembe moja imechanika, akaibandika kwa gundi ya unga. Anataka iwe ile ya Mamajusi. Umeme umekatika tangu saa kumi na moja, hatujaweza kuitundika, nimeiweka juu ya kabati ikauke, panya wasiifikie.