Wanawake wa Nyumba ya Bibi, Alhamisi usiku

Mama Zai: Shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo. Ndo natoka hospitali, Asha kalazwa. Kaanguka dukani kwake mchana tukajua presha, kupimwa HB, yaani wingi wa damu, ni 5.8, wanamuongezea usiku huu chupa ya kwanza imeshaanza

Shangazi Mwana: Ya Rabbi!! 5.8 na mtoto alikuwa anatembea???

Mama Zai: Shangazi damu imeisha kidogo kidogo mwaka mzima sisi tunamuangalia. Hedhi siku 9 siku 10, mabonge kama maini ya kuku, anavaa pedi mbili na bado akikaa kwenye daladala anatanguliza khanga. Leo nimeingia chumbani kwake kumchukulia nguo nikakuta chini ya mto kopo la mafuta ya mgando limejaa mchele mbichi, ndo anatafuna usiku. Nimekaa pale kitandani nikalia

Nuru: Pole sana dada. Huo mchele ni dalili, mwili ukiishiwa madini ya chuma mtu anatamani mchele mbichi, udongo, barafu, sisi tunasema ana mimba au tabia mbaya. Mwanamke asiye na mimba HB inatakiwa 12 kwenda juu, chini ya 8 ni hatari. Altrasaundi wamempiga?

Mama Zai: Wamempiga. Faibroidi tatu, ule uvimbe wa kizazi, kubwa ina sm 4, daktari kasema sio kubwa kihivyo ila moja imechungulia ndani ya kizazi

Nuru: Hiyo moja ndo inayomwaga damu. Watu wanaulizana ukubwa tu, kumbe inategemea imekaa wapi, ndogo ya ndani inaweza kukumaliza damu na kubwa ya ukuta wa nje mtu akaishi nayo miaka hajui

Mama Mdogo Saida: Lakini Nuru mwanangu sisi wote humu tumetoka damu nyingi. Mama naye. Bibi siku zake alikuwa halali kitandani, anashuka kwenye mkeka asichafue godoro. Ukoo wetu ndo tulivyoumbwa

Nuru: Shikamoo mama mdogo. Naomba nikwambie kwa heshima, faibroidi zinatembea kwenye ukoo, mama akiwa nazo binti yuko karibu zaidi kuzipata. Kwahiyo hiyo tunayoiita damu ya ukoo huenda ndo ugonjwa wenyewe tunarithishana na hakuna aliyepimwa. Hedhi ikizidi siku 7, au pedi inajaa ndani ya saa moja, au unaamka usiku kubadilisha, hiyo sio kuumbwa, nenda kapime

Rukia: Kuna mtu anauza dawa ya kuyeyusha uvimbe nimtumie Asha namba?

Shangazi Mwana: Rukia usitume. Mimi nilikunywa hizo miezi 7, chungu kama shubiri, nikajiona napona kila mwezi damu ikipungua siku moja, kuja kupima uvimbe umekua. Na niliogopa hospitali kwa sababu moja tu, niliambiwa watang'oa kizazi nikose mtoto. Wakatoa uvimbe, kizazi wakaniachia, na Idrisa huyu mnayemuona nimemzaa baada ya oparesheni. Nilinyamaza miaka yote hiyo naona aibu, ningesema mapema Asha asingefika hapa

Mama Zai: Shangazi 😭 kesho njoo umwambie hivyohivyo, anaogopa hilohilo, yuko 31 hajazaa

Nuru: Mwambieni pia hii sio kansa. Njia zipo nyingi, kuna vidonge vya kupunguza damu unakunywa zile siku tu, kuna kitanzi chenye homoni, kuna oparesheni ya kutoa uvimbe peke yake, na iliyochungulia ndani mara nyingine inatolewa kwa kupitia ukeni bila kupasua tumbo japo sio kila hospitali inafanya. Kutoa kizazi ni kwa ambaye ameshamaliza kuzaa na amekubali mwenyewe. Akiruhusiwa atapewa vidonge vya damu, yaani vya madini ya chuma, choo kitakuwa cheusi asishtuke, na asinywee chai, chai inazuia madini yasiingie, anywe na maji na chungwa, chai isubiri saa moja au mbili. Na asiache HB ikipanda, aendelee miezi 3 hivi ili akiba ijae

Mama Zai: Chai! Asha na chai ya rangi ndo chakula chake

Mama Mdogo Saida: Nuru nikuulize. Kuna jirani yangu hedhi ilikoma mwaka wa 6 huu. Juzi kaona doa. Kidogo tu halafu likakata

Nuru: Mama mdogo hata likiwa tone moja, damu baada ya hedhi kukoma lazima ichunguzwe, tena haraka. Mara nyingi inakuwa kitu kidogo, ila kansa ya kizazi na ya mlango wa kizazi zinaanza hivyohivyo bila maumivu. Mwambie asisubiri lirudi

Mama Mdogo Saida: Asante mwanangu

Mama Mdogo Saida: Nuru hakuna jirani. Ni mimi

Shangazi Mwana: Saida mdogo wangu. Kesho saa moja asubuhi nipo mlangoni kwako, tunaenda wote, ukishapimwa ndo tunapanda wodini kwa Asha

Nuru: Nitakuwa zamu asubuhi, mkifika getini nipigieni nishuke. Mama mdogo chukua kadi ya bima