Gwaride la tarehe 9 Desemba: bado tunalihitaji?

Mzazi wa Dodoma

Ndugu zangu, naomba mawazo yenu. Mwanangu wa darasa la sita ameniuliza kwa nini Sikukuu ya Uhuru huwa na gwaride mwaka huu, na mwaka mwingine hupita kimya kama Jumapili. Nilimweleza kwamba mwaka 2015 Rais Magufuli aliahirisha sherehe, akatutaka tushike mafagio, na shilingi bilioni 4 zikaelekezwa kupanua barabara ya Mwenge hadi Morocco jijini Dar es Salaam. Kwamba mwaka 2018 fedha zilijenga hospitali hapa Dodoma. Na kwamba mwaka 2022 Rais Samia aliagiza shilingi milioni 960 zijenge mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Sasa sisi tunasherehekeaje?" Nilikosa jibu.

Mstaafu wa Temeke

Mwanangu, mabweni ni jambo jema, lakini mabweni hujengwa kwa bajeti ya kila mwaka, ilhali gwaride halina siku nyingine. Mara ya mwisho nilikwenda Uwanja wa Uhuru mwaka 2021, uhuru ulipotimiza miaka 60, na ili nipate kukaa penye kivuli ilinibidi niwe getini kabla ya adhana ya alfajiri. Unaposikia mizinga 21 ikipigwa, kisha vikosi vikapita kwa mwendo wa pole na baadaye kwa mwendo wa haraka, huhitaji kuelezwa maana ya dola. Niliwahi kumwona askari kijana akianguka kwa jua kali. Wenzake hawakugeuza hata shingo, na wahudumu wakamchukua kwa machela. Mjukuu wangu hulizungumzia hilo hadi leo, ingawa hotuba zote amezisahau.

Mwalimu wa Unguja

Naomba niongeze jambo ambalo mtoto huyo ataliuliza kesho. Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 ulikuwa wa Tanganyika, ndiyo maana siku hizi husemwa Uhuru wa Tanzania Bara. Zanzibar ilipata uhuru wake tarehe 10 Desemba 1963, lakini sherehe kubwa kwetu ni ya tarehe 12 Januari, siku ya Mapinduzi ya 1964. Wanafunzi wangu huzichanganya tarehe hizi kila mwaka, na siwalaumu, kwani hata watu wazima huzichanganya.

Mama wa Moshi

Mzazi mwenzangu, sisi hatusubiri gwaride. Usiku wa kuamkia tarehe 9 tunazima taa saa sita kamili, kama zilivyozimwa uwanjani mwaka 1961 wakati bendera ya Uingereza ikishushwa, na zinapowashwa, mtoto mdogo kuliko wote hupandisha bendera ya karatasi kwenye mpini wa ufagio. Kisha mume wangu husimulia jinsi Luteni Alexander Nyirenda alivyopandisha bendera na kuwasha mwenge kileleni Kilimanjaro, mlima tunaouona mlangoni petu mawingu yakiruhusu. Mwaka mmoja umeme ulikatika wenyewe saa tano na nusu, kwa hiyo bendera ilipandishwa kwa tochi ya simu, na watoto wakashikilia kwamba hakuna mwaka uliofana kama huo.