Goti limepona ila dada hataki kucheza, nimsaidieje?

mtoto_wa_temeke:
Wakuu habari. Dada angu anacheza ligi kuu ya wanawake, winga ya kulia, timu siitaji. Mwaka jana kwenye mechi hata hakuguswa na mtu, alikuwa anageuka tu akasikia ta! kwenye goti akakaa chini. Kipimo cha MRI kikaonyesha ligamenti ya mbele imekatika, kafanyiwa opereshini, mazoezi kafanya yote, sasa huu mwezi wa 11 na daktari anasema goti liko fresh. Sasa akienda mazoezini anapasha vizuri, anakimbia, ila ikifika kucheza wenyewe kwa wenyewe anasema tumbo linamuuma. Mara ya tatu hii. Nyumbani mpira ukiwa kwenye tv anatoka nje, njumu kampa binti wa jirani. Mama anasema kuna mtu kamtupia kitu (sitanii). Nikimlazimisha naogopa, nikimwacha anaacha mpira na ana miaka 23. Mliopitia mlifanyaje?

namba6_mstaafu:
Pole kwa dada. Langu lilikuwa goti la kushoto. Maumivu unayazoea bwana, kinachouma ni ile wiki ya tatu simu inapoacha kuita. Wiki ya kwanza wote wamejaa chumbani na machungwa, baadae kitanda chako kambini kapewa mwingine na wewe umebaki kwenye grupu la whatsapp la timu unasoma basi linaondoka saa ngapi na hupandi. Mtaani tangu niko darasa la sita naitwa mchezaji, ghafla sijui mi ni nani. Na kuna hili sijawahi kumwambia mtu, timu ikishinda bila mimi nilikuwa naumia, ikifungwa roho inatulia, halafu usiku mzima najichukia. Muulize kama na yeye anayo hiyo, atashtuka umejuaje.

kijiwe_cha_kahawa:
Mnamdekeza tu huyo. Alexia Putellas, yule kiungo wa Hispania, alikata ligamenti Julai 2022, kesho yake Euro inaanza, mwaka uliofuata si kabeba Kombe la Dunia? Akaze.

fizio_wa_mwanza:
@kijiwe stori umeileta nusu mzee. Putellas alirudi uwanjani mwisho wa Aprili 2023, karibu miezi 10, na hiyo fainali na Uingereza alianzia benchi akaingia dakika za mwisho kabisa. Na huyo alikuwa na Ballon d'Or 2 na Barcelona nzima nyuma yake, dada wa watu ana nani? Arsenal wanawake msimu wa 2022/23 waliondokewa na wanne kwa goti hilohilo, Mead, Miedema, Williamson na Wienroither. Beth Mead kaumia Novemba, Januari akafiwa na mama yake, akiwa bado kwenye mazoezi ya kupona. Angalau yeye na Miedema walikuwa wanauguzana. Wengi wanauguza goti peke yao chumbani.

Turudi kwa dada. Tumbo hilo sio uongo, hofu inauma tumbo kweli. Tuna dodoso la maswali 12 linaitwa ACL-RSI, linapima kichwa sio goti, yaani unaogopa kuumia tena kiasi gani, ukiwa unacheza unaliwaza goti, unajiamini. Uliza kama kuna mtu aliwahi kumpa, mi nabisha hakuna, huku kwetu tukishaona goti linakunja na paja lina nguvu tunasema nenda. Asirushwe moja kwa moja kwenye mechi. Aanze pasi za duara bila kukabwa, halafu mmoja kwa mmoja na mtu anayemwamini, halafu ule mgeuko wenyewe uliomuumiza, taratibu, hata mara mia, mpaka mwili uache kuusubiri ule mlio. Mkipata mwanasaikolojia mpelekeni, sio ukichaa.

mtoto_wa_temeke:
Nimemsomea ya namba6. Kanyamaza muda mrefu nikajua kalala, kumbe analia, mwisho akauliza huyo dada namba6 alichezea timu gani. Dodoso kweli hajawahi kuliona. Namba6 nakuja inboksi naomba usinitupe, anataka kuongea na wewe ila anaona aibu kuanza.

namba6_mstaafu:
Nipe namba yake, naanza mimi. Na njumu waachie jirani kwanza, msizifuate.