Taa ya handbreki haizimi kwenye lori, naombeni ushauri

Mleta uzi: Wakuu, habari za muda huu. Lori langu ni la breki za upepo. Nikiachia handbreki, taa nyekundu kwenye dashibodi inabaki inawaka. Wakati mwingine inazima, nikiruka tuta inarudi. Geji zote mbili zinasoma bar 8 na gari linavuta vizuri. Fundi kabadilisha swichi ya taa hiyo, tatizo liko palepale. Nianzie wapi?

Mdau 1: Chomoa balbu uendelee na kazi. Langu limetembea hivyo muda mrefu.

Mdau 2: Mkuu hapo juu, usimpoteze mwenzio. Handbreki ya upepo inakamatwa na springi. Upepo ndio unaoizuia isikamate. Upepo ukipungua kwenye laini ya handbreki, springi inaanza kubana ukiwa barabarani, ngoma ya breki inapata moto, hata tairi linaweza kuwaka. Taa hiyo ndiyo inayokuonya mapema.

Mleta uzi, kwenye malori mengi geji zile zinasoma matangi ya breki za mguu, kwa hiyo bar 8 haikuhakikishii laini ya handbreki. Tembea kilomita chache bila kukanyaga breki sana, simama, sogeza kiganja karibu na kila ngoma usikie kama ina moto, usiiguse. Kisha weka kabari kwenye matairi, achia handbreki, paka maji ya sabuni kwenye mipira ya upepo na chemba za nyuma (makopo yenye springi za handbreki), uone kama povu linatoka, maana hapo upepo unavuja. Ila chemba ya springi usiifungue kabisa. Springi ile ikiruka inaua.

Mdau 3: Fundi umeme hapa. Kama hakuna ngoma ya moto wala povu, chomoa soketi ya swichi, ufunguo ukiwa ON. Swichi nyingi za aina hii huwasha taa kwa kuipa athi, yaani kuunganisha waya wake na bodi. Taa ikibaki inawaka, waya unagusa bodi. Hilo la matuta linanifanya nishuku waya uliochubuka.

Mleta uzi: Ngoma zote sawa, povu hakuna. Nimechomoa soketi, taa ikabaki! Nimefuata waya hadi nyuma ya kebini, unapokatiza kona ya chuma. Ganda limelika, shaba imetokeza kama punje ya mchele, na chuma kimeng'aa pale ulipokuwa unasugua. Nimeunga upya, nimeuvisha mpira na kuufunga mbali na kona. Nimepita matuta, haijarudi. Mungu awabariki.

Mdau 3: Safi sana. Ukivuta handbreki, inawaka?

Mleta uzi: Inawaka mkuu. Nikiachia, inazima hapohapo.