Ofisa wa UPDF akirukwa cheo, apeleke malalamiko yake kwa nani?

Ndugu wanajukwaa,

Nimefungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Kila inapotoka orodha mpya ya kupandishwa vyeo katika jeshi la Uganda, yaani UPDF, zinasambazwa picha za maofisa wakivalishwa nyota, pongezi zinamiminika, kisha mambo yanaishia hapo. Februari 2019 walipandishwa maofisa zaidi ya 2,000 kwa mkupuo mmoja. Tangazo la namna hiyo hutaja majina na vyeo, lakini halisemi kwa nini fulani amepanda na mwenzake aliyemtangulia kazini ameachwa palepale.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya jeshi na raia hayawahusu. Yanatuhusu sana. Jeshini, maofisa wawili wanapokuwa na cheo kimoja, aliyekipata mapema ndiye mkubwa, na mwenzake atampigia saluti na kupokea amri zake. Cheo huamua pia mshahara, umri wa kustaafu na malipo ya uzeeni. Kumruka mtu, basi, ni kubadilisha nani anamwamuru nani, na Waganda tunajua vizuri kuliko majirani zetu wengi kinachotokea pale maofisa wanapoamini kwamba wamerukwa kwa upendeleo.

Tukumbushane mwaka 1983. Tarehe 2 Desemba, Mnadhimu Mkuu wa UNLA, jeshi la serikali la wakati huo, Meja Jenerali David Oyite-Ojok, alikufa katika ajali ya helikopta huku vita vya Luwero dhidi ya waasi wa Museveni vikiendelea. Rais Milton Obote aliiacha nafasi hiyo wazi kwa miezi mingi, na mnamo Agosti 1984 akamteua Smith Opon Acak, ofisa wa kabila lake la Lango, akiwaruka maofisa wa Kiacholi waliomzidi kwa ukongwe, akiwamo Bazilio Olara Okello. Kambini tayari kulikuwa na manung'uniko kwamba askari wa Kiacholi ndio wanaopelekwa kufa mstari wa mbele huku vyeo vikienda kwa wengine, na uteuzi ule ukawafanya walioshuku waamini kabisa. Kabla mwaka haujatimia, tarehe 27 Julai 1985, vikosi vya Bazilio vilivyotoka kaskazini viliingia Kampala, Obote akakimbia nchi, na Jenerali Tito Okello akawa mkuu wa nchi. Sisemi kwamba cheo kimoja ndicho kilichoiangusha serikali ile, kwa maana ilikuwa na majeraha mengi. Ninachosema ni kwamba malalamiko yale yalikuwa na uzito, yalijulikana, na hayakuwa na mahali pa kusikilizwa isipokuwa kwenye mtutu wa bunduki.

Waliopokea nchi Januari 1986 walipaswa kuwa wa kwanza kujifunza hilo. NRA, jeshi la waasi la Museveni ambalo baadaye likaitwa UPDF, ilipigana msituni kuanzia shambulio la Kabamba la Februari 1981 bila ngazi rasmi za vyeo, na vyeo hivyo vikaja kutolewa mwaka 1988. Tangu hapo ukongwe umekuwa ukipimwa kwa siku mtu aliyoingia msituni na kwa namba za RO, yaani namba za usajili za maofisa, ambazo ya kwanza ni ya Rais Museveni mwenyewe. Kipimo hicho kilikuwa na kasoro zake, ila kilieleweka. Siku hizi vipimo ni vitatu, msitu, shule na uwanja wa vita, na hakuna anayeweza kukuambia ni kipi kitatumika kesho. Jenerali Edward Katumba Wamala alitoka katika jeshi la zamani la UNLA, na bado alifika kuwa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi mwaka 2013. Hilo ninaliheshimu, kwa sababu linaonyesha kwamba msitu si lazima uwe kila kitu. Lakini kama si kila kitu, wenye msitu bila vyeo waambiwe wazi walipungukiwa na nini.

Sitakwepa jina ambalo kila mmoja analifikiria. Jenerali Muhoozi Kainerugaba alihitimu Sandhurst, chuo cha kijeshi cha Uingereza, mwaka 2000, akawa Brigedia mwaka 2012, Meja Jenerali 2016, Luteni Jenerali 2019 na Jenerali kamili Oktoba 2022. Cheo hicho cha mwisho alikipata siku ileile alipoondolewa katika uongozi wa majeshi ya nchi kavu, baada ya maandishi yake ya mtandaoni kuhusu kuiteka Nairobi. Machi 2024 akawa Mkuu wa Majeshi. Masomo yake siyapingi, na Fort Leavenworth, chuo cha jeshi la Marekani, nako alisoma. Ninachokipinga ni kwamba anayepandisha ni baba yake, Rais Museveni, na pale ambapo mzazi ndiye Amiri Jeshi Mkuu, uwazi ulitakiwa uwe mara mbili ya ule wa kawaida. Wapo waliokuwa wamekwisha kuwa maofisa vitani alipokuwa mtoto wa shule, na leo wanampigia saluti bila kuonyeshwa kipimo kilichotumika.

Kinachonichoma zaidi ni hali ya yule aliyerukwa. Akiwekwa katebe, anabaki na magwanda na mshahara bila kupangiwa kazi yoyote, miaka ikipita. Akinung'unika hadharani, sheria ya jeshi inamsubiri. Akitaka kuondoka, atakumbana na hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 1998 katika shauri la Meja Jenerali David Tinyefuza, ambaye siku hizi anaitwa Sejusa. Tinyefuza aliandika barua ya kujiuzulu mwaka 1996, Mahakama ya Katiba ikampa ushindi, na Mahakama ya Juu ikautengua kwa kusema kwamba bado alikuwa mwanajeshi, kwa kuwa hakufuata utaratibu wa kuomba idhini ya bodi ya jeshi inayohusika na maofisa. Mwangalieni pia ofisa mwingine, Henry Tumukunde: alikamatwa mwaka 2005 kwa maneno aliyoyasema redioni, shauri lake likaburutwa katika mahakama ya kijeshi hadi mwaka 2013, na mwaka 2015 akapewa cheo cha Luteni Jenerali na kustaafishwa. Kama alikuwa na makosa makubwa kiasi hicho, cheo kilitoka wapi? Na kama alistahili cheo, miaka ile yote atarudishiwa na nani?

Ninachodai hakihitaji kutoa siri yoyote ya vita. Orodha ya ukuu wa maofisa ifahamike kwa maofisa wenyewe. Anayerukwa aandikiwe sababu. Pawepo chombo cha rufaa ambacho hakiongozwi na yuleyule aliyemruka, na kamati ya Bunge ya ulinzi ipokee taarifa ya waliokaa katebe zaidi ya mwaka mmoja na kwa nini, maana mishahara yao inatoka kwenye kodi zetu.

Najua mtakuja kuniambia kwamba rais ana mamlaka ya kupandisha amtakaye. Mamlaka hayo siyabishii. Basi anayeyatetea anijibu swali moja tu: brigedia aliyerukwa leo asubuhi, asiyetaka siasa wala uasi, anayetaka tu kujua kosa lake, abishe hodi mlango wa ofisi gani, na aliyemo humo analazimika kumjibu kwa maandishi ndani ya siku ngapi?