Nimewatumia wauzaji mistari 900 ya dmesg (kumbukumbu za kerneli, kiini cha Linux), wananiuliza kama nimetoa plastiki kwenye lenzi!

Wakuu, nina hasira mpaka chai haishuki. Mods msiuhamishie jukwaa la vichekesho, niko siriasi.

Wale jamaa mnawajua, siwataji, nusu ya humu wameshalizwa nao. Nimenunua kikompyuta chao cha bodi moja, saizi ya kadi ya NIDA, na kamera yenye sensa ya IMX219 niifunge kwenye banda la kuku, maana kuna mtu anayawahi mayai yangu kila alfajiri. Kwenye boksi wameandika inakubali kamera. Inakubali kwenye kerneli 4.9, ya enzi za mababu! Ukipandisha mfumo tu, ovalei ya devaisi trii (faili linaloiambia kerneli kuna kifaa gani) haieleweki na libcamera (programu ya kamera) inakuapia hakuna kamera. Siku nne nimelala na dmesg kuliko na mke wangu. Kila nikiwasha: imx219, error -121. Yaani bodi inaita, sensa haiitiki. i2cdetect, inayosaka vifaa kwenye I2C (nyaya ambazo bodi huongea na sensa), nayo vistari vitupu, pale kwenye anwani ya sensa, 10, hakuna mtu.

Nikakusanya yote, mistari 900, nikawatumia kwa heshima zote. Jibu lao: "Ndugu mteja, umeshatoa plastiki kwenye lenzi?"

PLASTIKI! Hata ningeivika blanketi ingepiga picha nyeusi, lakini si ingeitika? Plastiki na I2C wapi na wapi? Halafu akamalizia na kidole gumba. Wakuu, mistari 900, kidole gumba!

kuku_wa_jirani: Pole mkuu. Ila uliitoa?

Mtoa mada: Hiyo si hoja!!!

kuku_wa_jirani: Hajaitoa huyu 😂😂

Bint_Pangani: -121 mara nyingi ni utepe unaounganisha kamera na bodi. Upande wenye vichuma umeangalia wapi?

Mtoa mada: Umeangalia unakotakiwa. Mimi si mtoto. Tatizo ni draiva, na yule wa plastiki.

Bint_Pangani: Weka picha.

redio_mbao: Sisi wa kamera za USB tunachomeka, UVC (draiva ya kamera za USB) inaitambua, tunaenda kula ugali. Hizo tepe mmejitakia.

MamaPacha2: Afadhali wewe una kamera. Printa yangu inagoma hadi niiwekee wino wa rangi, na ninachochapa ni barua ya kuomba udhuru shuleni. Nyeusi tupu!

kaka_wa_shamba: Printa si kitu. Fundi alikuja kutengeneza friji, akaomba nauli ya kufuata spea. Tangu Pasaka.

redio_mbao: Wangu aliondoka na friji yenyewe.

MamaPacha2: 😂😂 Na nyama?

redio_mbao: Na nyama. Kilo mbili, na samaki wa mama mkwe.

Mtoa mada: Haya, picha hiyo hapo juu nimeweka. Mnyamaze sasa.

Bint_Pangani: Mkuu, utepe umeugeuza. Vichuma vimeangalia kwenye kile kibanio cheusi. Zima umeme kwanza, kisha uugeuze.

kuku_wa_jirani: Nimekuza picha. Hicho cha bluu kinachong'aa juu ya lenzi ni nini?

kuku_wa_jirani: Mtoa mada?

kuku_wa_jirani: Oya.

Mtoa mada: Huyo fundi wa friji anakaa mtaa gani? Tumfuate.