Matunzo ya watoto, baba yuko Uingereza. Nisaidieni

Mama wa watoto wawili, Kondele, Kisumu:
Hamjambo nyote, wa nyumbani na wa ughaibuni. Jana nimerudishwa mara ya tatu kwenye ofisi moja hapa mjini. Baba wa watoto wangu alienda Leicester mwaka 2021, akatuma pesa mwaka mmoja na nusu, kisha akazima simu. Mdogo ana pumu, dawa nanunua mimi. Karani anadai anwani kamili ya baba, nami ninayo ya zamani, alishahama. Je, faili linaweza kwenda Uingereza bila anwani?

Shangazi, Minneapolis:
Pole mwanangu, usikubali kuzungushwa. Huku wanakata mshahara kabla mtu hajaushika, na akidaiwa zaidi ya dola 2,500 hapewi pasipoti. Jirani yangu alilipwa deni la miaka minne kwa njia hiyo. Wabane!

Kaka, Coventry:
Shangazi, kwa heshima, hayo ni ya Marekani. Dada ameuliza Uingereza. Na asije mtu akamwelekeza CMS, ofisi ya matunzo ya watoto ya Uingereza: wale hushika kesi ambayo wazazi wote wawili na mtoto wanaishi Uingereza. Njia yake ni REMO, yaani utaratibu wa nchi kutekelezeana amri za matunzo. Anaanzia mahakamani Kisumu, chini ya Sura ya 154, sheria ya Kenya ya kutekeleza amri za matunzo. Hakimu anamsikiliza yeye, anatoa amri ya awali, halafu inatumwa huku kiserikali. Hapo mahakama ya huku inamwita baba ajitetee, ndipo inathibitisha. Kabla ya hapo amri haimbani.

Mimi mwenyewe nalipia binti yangu aliye Ahero, kwa amri ya mahakama. Nilipoachishwa kazi niliomba nipunguziwe, nikapunguziwa. Wanaume wenzangu, semeni hali zenu. Mtoto hajui kwamba baba hana kazi, anachojua ni kwamba simu haishikwi.

Dada, Reading:
Kaka, umeruka cheti cha kuzaliwa. Jina la baba lisipokuwemo atakana, kesi ilale ikingoja DNA. Mimi nilipoteza miezi minane kwa herufi moja iliyokosewa kwenye jina. Na msiwatishe akina mama ambao hawakuolewa: Ibara ya 53 ya Katiba inawapa baba na mama wajibu sawa, wawe wameoana au hawajaoana.

Kaka, Coventry:
Sijamtisha mtu. Wala hakusema cheti kina shida. Tusome swali.

Mzee, Kakamega:
Zamani jambo hili lilimalizwa na wazee wa pande zote mbili. Aende kwa babake huyo kijana, akae naye chini, aeleze. Mtu anaweza kukimbia mahakama, hakimbii boma lao.

Dada, Reading:
Mzee wangu, shikamoo. Boma halikati mshahara wa Leicester. Na ninyi mlioko huko mtusaidie kusema: mwaka 2024 Wakenya wa nje tulituma nyumbani karibu dola bilioni 5. Wanasiasa wakija huku wanatushukuru kwa hizo pesa, wanapiga picha, wanaondoka. Sijamsikia hata mmoja akitaja watoto ambao senti haiwafikii.

Shangazi, Minneapolis:
Ni kweli kabisa. Leo theluji imefika magotini. Najua saa hii Kibuye mama fulani anapara samaki, ngege, maji yanamrukia kwenye leso, na mimi niko dirishani natazama weupe mtupu. Miaka kumi na tisa. Mamangu alitulea sita kwa omena na hakuna aliyemsaidia, ndiyo maana jambo hili linaniuma.

Kaka, Coventry:
Shangazi, umenikumbusha upepo wa jioni pale Dunga.

Mama wa watoto wawili, Kondele:
Asanteni sana, nimesoma yote. Cheti kina jina lake, herufi zote sawa. Kwao nimeenda mara mbili. Babake alilia, akasema hata yeye hapigiwi. Sura ya 154 nimeiandika kwenye karatasi nitaenda nayo. Karani ananingoja Alhamisi saa tatu asubuhi. Kuhusu anwani, kuna anayejua?